Sinki la Bibi Yako na Kamba Niliyoogopa Kuishika

Mwanangu Imelda,

Fundi Melkiori hana kosa. Nimeanza na hilo kabla sijaogopa. Lile sinki la rangi ya waridi lililoko bafuni kwetu, ambalo mjumbe wa nyumba kumi alisema limewekwa chini kama la kunyweshea bata, liko chini kwa sababu yangu mimi. Nilisema uongo dukani, uongo wa neno moja tu, na tangu siku ile sijamwambia mtu. Hata padri sijamwambia. Kila nikipiga magoti na kufikiria kutamka neno "sinki" mbele yake naona kicheko kinanipanda, nami nanyamaza. Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza.

Ninakuandikia mchana huu kwa sababu umekwenda Kabanga na babu yako kumuaga dada yake, na nyumba imekuwa kimya hata kuku wanashangaa. Kesho asubuhi unapanda basi la Kibondo kwenda kukaa na baba yako na mama yako. Habari za kupiga mswaki, kukunja nguo na kutojibizana na watu wazima bibi yako ameshakueleza mara tatu, na mara ya nne itakuja jioni wakati wa kula. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukueleza mambo niliyoyakosea mimi, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyajua vizuri.

Najua watu wanacheka nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, nawe una tisa. Lakini dada Leokadia, mama yako, ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Alipokuleta hapa Kasulu ulikuwa na miaka miwili, nami nilikuwa na kumi. Alikuweka mgongoni kwangu, akafunga kitenge, akasema, "Mama mdogo, huyu ni wako mpaka tutakapojenga." Nilijisikia mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Unaikumbuka siku ya homa? Hapana, huwezi kuikumbuka. Tulikupeleka hospitali ya misheni, mimi nimekubeba na babu yako anaongoza baiskeli. Babu alipokwenda kuegesha baiskeli, muuguzi akatoka akauliza, "Mama wa mtoto huyu yuko wapi?" Nilikuwa na miaka kumi na moja. Jibu nilikuwa nalo kabisa mdomoni, lakini mbele ya watu wote wale kwenye benchi sauti yangu haikutoka. Akauliza mara ya pili. Akageuka kumwita mtu mwingine. Ndipo wewe, pamoja na homa yako yote, ukachomoa kichwa kwenye kitenge ukapiga kelele, "Mama ni huyu!" Benchi zima likacheka. Muuguzi naye akacheka, akatupokea.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi kama kichekesho. Leo naiona kwa namna nyingine. Mtoto mgonjwa alilazimika kusema kwa sababu mzima aliona haya. Na ndivyo ilivyokuwa kwenye sinki.

Unajua jinsi bibi yako alivyoanguka kwenye mteremko wa kisima na ndoo kichwani, mwaka ule kabla bomba halijafika uani. Tangu hapo mgongo wake haukunjiki. Anatembea vizuri, anapepeta maharage, anacheka, anagombana na babu yako, lakini kuinama hawezi. Kunawa uso kukawa kazi ya watu wawili. Yeye anasimama, mwingine anamshikia bakuli kifuani na kummiminia maji. Mtu aliyenawisha wakwe na wageni maisha yake yote, akimimina maji kwa adabu, sasa ananawishwa kama mtoto. Hajawahi kulalamika. Ila nilimwona mara moja, maji yalipomwagikia kwenye blauzi mbele ya jirani, alivyoifunika kwa kanga haraka.

Bomba lilipofika, babu yako akasema tutaweka sinki bafuni, bibi yako awe ananawa mwenyewe amesimama. Akanitazama. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Unasoma hata gazeti lililofungia dagaa. Nenda kachague."

Tulikwenda wawili, mimi na wewe, kwa Mzee Athumani. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa na kazi moja tu, ya kubeba kamba ya katani. Kamba ile babu yako alikuwa ametupatia ili tumpime bibi kabla ya kwenda dukani. Sikumpima.

Ulipokuwa unachezea mizani ya sukari, Mzee Athumani alinionyesha masinki mawili aliyokuwa nayo. Moja lilikuwa jeupe, limemeguka pembeni, la kuning'inizwa ukutani kwa vyuma. La pili lilikuwa lile la waridi, lina ukingo kama kola ya gauni, na limesimama juu ya mguu wake mnene mweupe.

"Karibu, binti. Unatafuta beseni la kunawia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Nini?"

"Ndiyo."

"Sauti hiyo umeiazima wapi? Mwenyewe atakuja kuidai, irudishe upesi."

Wateja wakacheka, nami nikatamani kuingia ndani ya gunia la chumvi. Mzee Athumani ni mtu wa Pangani na anatania kila mtu, siyo kwa ubaya. Aliponiona nimeinama akaacha utani, akaniuliza maswali kama daktari.

"Atakayenawa ni nani?"

"Mama."

"Ni mzima?"

"Mgongo wake hauinami."

"Aa. Basi sikiliza. Mtu anayeinama hulifuata beseni. Asiyeinama, beseni ndilo limfuate yeye. Unapima toka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, hata zaidi kidogo. Kama ni juu, chukua hili jeupe, fundi ataligonga ukutani popote mnapotaka, hata darini. Hili la mguu haliongezeki wala halipungui. Umempima mama?"

Hapo, mwanangu. Swali lilikuwa hilo.

Nilikuwa nalipenda lile la waridi. Lilifanana na picha niliyoiona kwenye kitabu cha sayansikimu shuleni, na nilijiona nikiwa nimesimama mbele yake, kitabu mkono mmoja, mswaki mkono wa pili, kama mwanamke wa kwenye picha. Katika picha hiyo ya kichwani mwangu bibi yako hakuwemo kabisa. Na jeupe lilikuwa na pengo, kama limeng'olewa jino.

Lakini hiyo siyo sababu yote. Sababu nyingine ni ile kamba. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukujua kwa nini niliificha chini ya kitanda siku mbili nzima. Kwetu mtu mzima hapimwi kwa kamba. Kamba inapima mara moja tu, wakati vijana wanataka kujua wachimbe shimo lenye urefu gani. Nilisimama mlangoni kwa bibi yako na kamba nimeikunja nyuma ya mgongo, naye akaniuliza, "Unataka nini?" nami nikasema nataka chumvi. Nikapewa chumvi. Siku ya pili nikapewa chumvi tena. Ningewezaje kumwambia mama yangu asimame wima nimpime kwa kamba, mwenye mgongo unaouma, mbele ya jirani anayekuja kila asubuhi kuazima moto?

Kwa hiyo Mzee Athumani aliponiuliza kama nimempima, nilisema, "Nimempima."

Neno moja. Tena nililisema kwa sauti safi, ndilo neno pekee walilolisikia vizuri siku ile dukani.

Fundi Melkiori alipokuja kulifunga aliniuliza naye. Anaita sinki lavabo, kama wanavyosema kwao Burundi. "Dada, lavabo hii ni ya mguu, mimi siwezi kuipandisha. Mama ni mrefu?"

"Ni mfupi," nikasema. Na ni kweli, ni mfupi.

"Basi ni sawa," akasema, akachanganya sementi yake akipiga mluzi.

Mimi mwenyewe nilidhani ni sawa. Mtu mfupi, sinki fupi. Kichwa changu kilichopata alama za juu katika hesabu hakikukumbuka kwamba ufupi na kutoinama ni mambo mawili. Siku sinki lilipofunguliwa maji, sote tulijipanga mlangoni. Bibi yako akaingia amevaa kitenge kipya. Akasimama mbele yake. Akanyoosha mikono, ikaishia hewani, kiganja kizima juu ya maji. Akajaribu kukunja magoti, akashika ukuta. Kisha akageuka na uso mkunjufu akasema, "Ego, ndiyo, ni zuri sana. Linang'aa."

Babu yako hakuwa na haja ya kuambiwa. Alisema, "Fundi huyu amechimba sakafu au amefanya nini?" Bibi yako akamvuta shati anyamaze. Mimi nilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na nilinyamaza bila kuvutwa shati.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana nilirudi shule ya bweni. Babu yako akaendelea kuwaonyesha wageni sinki. Bibi yako akaanza kuloweka maharage ndani yake, akisema ni chombo kizuri, maharage hayaibiwi na kuku. Nawe kila alfajiri ukatoka naye nyuma ya bafu na kata yako ya kibuyu na bakuli, mkanawishana kwa siri ili mimi na babu yako tudhani amelizoea sinki. Mlidhani sijui. Niliwaona likizo iliyopita kupitia dirisha la jikoni. Ulikuwa umepanda juu ya tofali ili umfikie, na ulimwambia, "Funga macho, bibi, sabuni hiyo," naye akafunga. Nilirudi kitandani nikashika kitabu changu kichwa chini miguu juu.

Na fundi Melkiori, ambaye alikimbia kwao akaja hapa na mwiko na nguo alizovaa tu, ameanza kuitwa fundi wa bata. Mjumbe alikuwa anataka naye kuweka sinki, akamwita fundi mwingine. Melkiori hajui kwa nini. Tunapokutana njiani ananiamkia kwa uchangamfu, "Mwakeye, dada msomi!" nami naitikia nikitazama viatu vyangu.

Ningeweza kuendelea hivyo. Ninakuambia ukweli, ningeweza. Kilichonishinda ni jana, nilipokuta mfuko wako wa nguo umesukumwa chini kabisa ya kitanda, nyuma ya debe la mawese, nawe umeketi juu ya kitanda umekunja mikono.

"Siendi," ulisema.

"Mama yako anakusubiri. Nyumba imekwisha."

"Siendi. Nani atamnawisha bibi? Wewe unarudi shule Jumatatu. Babu anamwaga maji yote shingoni."

Nikakuambia upo wakati wa kwenda na upo wakati wa kubaki, sijui maneno gani niliyosema, yalikuwa ya kitabuni. Ulikuwa unanisubiri nikupe jibu, na jibu lilikuwa ni sinki, na sinki nililiharibu mimi.

Sasa nikuambie habari ya barua ya mama yako, maana ulisikia nusu yake tu. Anasema bomba limefika kwao Kibondo na wanataka sinki la bafuni, na baba yako, ambaye ni seremala na anajua mbao tu, amekataa kuchagua. Ameandika hivi: "Imelda akija atatuchagulia, yeye ametoka kwenye nyumba yenye sinki." Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka. Utaingia dukani kama nilivyoingia mimi, na watu watakutazama kama mjuzi.

Usitazame rangi kwanza. Sisemi rangi ni kitu kibaya. Lile la waridi mpaka leo nalipenda, na asubuhi jua likiingia kwenye tundu la bafu linafanana na ua. Lakini kabla ya kulitazama sinki, watazame watu. Baba yako ni mrefu kama mgomba, mama yako ana tumbo la mtoto anayekuja, na mtoto huyo siku moja atataka kunawa naye atakuwa mfupi kuliko wote. Bibi yako atakuja kuwatembelea, amesema akipona mgongo, na asipopona atakuja hivyo hivyo. Waulize. Muuzaji akikuuliza kitu usichokijua, sema hujui. Ni neno fupi na halina uzito wowote ukishalitoa. Uzito wake wote uko kabla.

Nawe usiwe na haya kama yangu. Huna, najua, ulipiga kelele hospitalini ukiwa na homa. Lakini watu hubadilika wakienda ugenini. Huko Kibondo utakuwa mgeni darasani, na utataka kunyamaza ili usichekwe. Nyamaza siku mbili tatu, siyo mbaya. Usinyamaze mwaka mzima huku mtu mwingine akiitwa fundi wa bata.

Nimefika hapa nikaweka kalamu chini, kwa sababu niliona ninakufundisha kitu ambacho mimi mwenyewe sijakifanya.

Naendelea tena. Sasa ni saa kumi na moja, na nitakueleza nilichofanya.

Nilitoa kamba ya katani chini ya kitanda. Nilikwenda kwa bibi yako, alikuwa anachambua maharage. Akainua macho akasema, "Chumvi iko pale pale."

Nikamwambia sitaki chumvi. Nikamwambia yote, kamba, duka, neno "nimempima", Melkiori. Sikulia, lakini sauti ilikuwa ile ya kuazima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zile mbili ulinimalizia chumvi yangu kwa sababu wewe unaogopa kamba?" Akacheka mpaka akashika mgongo. "Mwanangu, shimo langu watalipima wengine. Wewe nipimie maji."

Akasimama ukutani mwenyewe, wima, kama askari. Nilimpima toka sakafuni mpaka kiwiko, nikafunga fundo.

Kisha nikaenda kwa fundi Melkiori. Alikuwa anapanga matofali kwa jirani, na watu watatu walikuwepo, mmoja wao mjumbe. Hiyo ndiyo sehemu niliyoiogopa kuliko zote. Nikasema mbele yao kwamba kosa la sinki ni langu, kwamba fundi alifunga kama nilivyomwambia. Mjumbe akasema, "Sijasikia, sema tena." Nikasema tena. Melkiori alikwangua sementi kwenye kucha zake. Kisha akasema, "Dada msomi, mwaka mzima nimelala nawaza, mimi nilipima vibaya wapi? Nimerudia hesabu ile usiku kucha." Nikamwomba radhi. Akasema, "Sasa nitalala." Kisha akamgeukia mjumbe, "Na wewe, bata wako wanataka lavabo lini?" Mjumbe alicheka kuliko wote, akamwambia Melkiori kwamba yule fundi mwingine hajaanza, na aje yeye Jumatano.

Melkiori amekuja hapa na mwiko wake na matofali. Hatutabadili sinki. Ameung'oa mguu taratibu, akapanga matofali ya kutosha ili ukingo wa sinki ufike kwenye fundo la kamba, halafu akaliweka sinki juu, bila sementi kwanza, kujaribu. Limekuwa refu ajabu. Kwangu mimi linafika mbavuni. Linafanana na mtu aliyepanda kiti kuangalia harusi.

Tukamwita bibi yako. Bomba lilikuwa limefungwa, hakukuwa na maji. Akasimama mbele yake, hakuinama hata kidogo, akaingiza mikono ndani mpaka viganja vikagusa chini. Akakaa hivyo. Kisha akakusanya maji yasiyokuwepo, akanawa uso. Akanawa vizuri, nyuma ya masikio, shingoni, akasukutua mdomo, akatema. Melkiori akampa taulo. Akajifuta.

"Maji ni ya baridi," akasema.

Sementi imewekwa, itakauka kesho kutwa. Kwa hiyo kesho alfajiri utamnawisha mara moja tu, ya mwisho, na safari hii msijifiche nyuma ya bafu. Babu yako nimeshamwachia ujumbe kwa bibi, atachagua mwenyewe wakati wa kumwambia.

Kipande cha kamba kutoka mwisho mpaka kwenye fundo nimekikata. Nimekikunja, nimekitia ndani ya bahasha hii. Ni kimo cha kiwiko cha bibi yako, ukifika Kibondo mpe baba yako kabla ya kwenda dukani. Mfuko wako nimeutoa nyuma ya debe, nimepangusa mawese, nimeuweka mlangoni. Sasa nimevaa viatu ninakuja kuwapokea njiani, nimebeba mwavuli kwa sababu upande wa Kabanga kumetanda mawingu.

Mama yako mdogo,
Yustina